Maji ya Rejeta

Mueni mwanangu,

Usiisome barua hii ukiwa umeshika usukani. Isome Habaswein, msafara utakapopumzika na askari wanaowasindikiza wakashuka kutafuta chai. Tafuta kivuli uketi, usome hadi mwisho, maana ukiishia katikati utadhani babako amekuandikia habari za gari tu, kama kawaida yake.

Sasa ni saa kumi alasiri. Wewe umekwenda kwa Mama Habiba kuagana na wenzako wa utotoni, mama yako anakaanga mandazi ya safari, na mimi nimeketi kwenye kipandio cha landrova, karatasi nimeiweka pajani. Utaona alama za grisi kila mahali. Nisamehe hizo kwanza, ndizo nyepesi.

Kazi za kila siku sitaziandika hapa. Ziko kwenye daftari la bluu ndani ya kisanduku cha mbele: oili, maji ya betri, upepo wa magurudumu, nati, yote. Nimekufundisha tangu miguu yako ilipofikia pedeli, na majirani wakanicheka: "Baba Mueni, binti unataka awe dereva wa lori?" Waache wacheke. Kesho binti huyo anaondoka na gari la babake kwenda kuwa nesi Rhamu, kwenye zahanati isiyo na gari, azunguke vijiji vya kando ya mto Daua. Nesi anayejua kusikiliza kifua cha mtu na kifua cha injini, kaskazini hii yote mwingine watamtoa wapi?

Ninachotaka kukuandikia ni makosa yangu. Nimeliendesha gari hili miaka kumi na mitatu likiwa la ofisi ya maji, na miaka minne tangu ofisi ilipolichoka nikalichukua mimi. Kila kilichowahi kuharibika humu ndani, mkono wangu ulikuwamo.

Kichujio cha hewa, kwa mfano. Ukikifungua utakuta bakuli la oili chini yake, na oili hiyo ndiyo inayoshika vumbi. Wakati mmoja nilikwenda Bute nikiwa nyuma ya malori siku nne, nimekula vumbi lao mpaka kope zikawa nyekundu, na kila jioni najiambia kesho nitakifungua. Injini ikaanza kutoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mimi nikalaumu mafuta, nikamlaumu na aliyeniuzia mafuta. Nilipofungua lile bakuli nikakuta matope ya kufinyangia chungu. Kifungue kila siku uliyokula vumbi, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka.

Na kwenye mchanga wa laga, ile mito mikavu, punguza upepo wa magurudumu kabla ya kuingia. Mimi miaka yote nimekuwa nikipunguza baada ya kukwama, kwa kiburi, kisha nachimba kwa mikono huku mbuzi wananitazama. Hayo unayajua, umeshachimba nami mara mbili au tatu na kunisema njia nzima.

Lakini kilichonikalisha hapa ni mpira wa rejeta. Ule mnene wa juu, unaotoa maji ya moto kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta yapoe. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, uminye kwa vidole. Ukiwa mzima, unarudi ukiuachia. Ukiwa mzee, utausikia mgumu, na karibu na kibano utaona nyufa ndogo ndogo. Ukiziona, ubadilishe siku hiyo hiyo. Usifunge kiraka. Nasema usifunge, na anayekwambia ni mtu aliyejulikana Garissa nzima kwa kufunga.

Unakumbuka walivyoniita: Daktari wa Mpira. Kipande cha tyubu ya baiskeli, sabuni ya mche ya kuziba ufa, waya kidogo, na gari linafika. Madereva wenzangu walikuwa wakinisimulia hotelini, "Yule Mkamba ametoka Bura mpaka hapa kwa sabuni, wallahi!" nami najifanya sisikii, kumbe masikio yote yako kwao. Sifa ilinilevya, mwanangu. Mtu aliyebadilisha mpira kwa wakati, nani atamsimulia? Anayesimuliwa ni aliyefunga. Basi ofisi iliponipa mpira mpya niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, ukakaa hapo wiki tatu. Wewe ulikuwa ukiutungua na kuupuliza kama baragumu, mpaka mama yako anapiga kelele. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta niliijua toka darasa la pili. Nilidhani kuziba ni kule kwa sabuni.

Ndipo ikaja ile safari. Ni mwaka ule wa ukame, watu wakimiminika kutoka Somalia kwa miguu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, shule zimefungwa, ukaniomba twende pamoja. Nilikuwa napeleka kipuri cha pampu ya kisima ndani kabisa ya Fafi, kule ambako ukishaiacha njia ya Bura mto Tana unabaki nyuma na hupati tone mpaka ufike kisimani. Mpira wa rejeta ulikuwa umefungwa kwa tyubu mahali pawili. Nyuma tulikuwa na mitungi miwili myeupe ya lita ishirini, maji ya mto. Maji ya visima vya kule yana magadi, rejeta ikiyapata inashika ukoko na kuziba. Kwa hiyo gari tulilibebea maji matamu, na watu wa kule wanakunywa ya chumvi. Hata hilo halikunishtua wakati ule.

Kufika saa sita mpira ulikuwa unavuja. Nilikuwa nimesimama mara mbili kuongeza maji, na mtungi wa kwanza ulikuwa umebaki robo. Yaliyofuata unayakumbuka, maana jana umeyasimulia mbele ya wageni wote waliokuja kukuaga. Walikuwa watatu chini ya mgunga mmoja: mzee mwenye bakora, binti yake, na mtoto wa kiume mgongoni mwa huyo binti, kichwa kimelegea. Mzee akaingia katikati ya njia akiinua kibuyu kitupu. Nikasimama.

Kwa njia zile, ukisimamishwa na mwenye chombo kitupu, unampa. Haulizwi mtu kabila wala dini. Na kwa kuwa mitungi ya sisi madereva mingi imewahi kubeba dizeli, unamimina kikombe, unakunywa wewe kwanza mbele ya macho yake, kisha unampa. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi sana. Siku hiyo niliutazama mpira, nikaitazama mitungi, nikafikiria mwendo uliobaki. Halafu nikamwambia yule mzee, "Maji haya ni ya rejeta, mzee. Yana dawa ya kuzuia kutu. Mtu akiyanywa anakufa."

Yule mama akasema kwa Kisomali kwamba watayanywa hivyo hivyo. Ulimwelewa vizuri kama nilivyomwelewa mimi. Mzee naye alikuwa na Kiswahili cha soko la mbuzi, akasema, "Lete tu, ndugu. Mungu tasafisha." Nikamjibu, "Utamuua mtoto, mzee." Mimi ndiye niliyesema maneno hayo, Mueni. Mzee akamshika binti yake mkono, akamrudisha chini ya mgunga.

Ukaniuliza dawa niliitia saa ngapi. Nikasema alfajiri, ukiwa bado umelala. Ukaniamini. Ungekuwa na sababu gani ya kutoniamini? Ukashuka na thamosi yetu, chai iliyobaki haikufika nusu kikombe, ukampelekea yule mama. Akamlambisha mtoto kwa kidole. Hicho ndicho kitu pekee gari letu lilichowapa, na kilitoka kwako.

Hayakuwa na dawa. Sasa nimeliandika. Mitungi yote miwili ilikuwa na maji ya mto, yale yale uliyonawia uso asubuhi hiyo, ambayo mama yako alikuwa ameyachuja kwa kitambaa jioni iliyotangulia. Hiyo dawa ya kutu sikuwa nayo hata chembe.

Nimejitetea miaka yote hii. Nimejiambia kwamba watu wote wa kisima kile walikuwa wanasubiri kile kipuri, kwamba gari lingekufa njiani watu wengi zaidi wangekauka, na wewe ukiwa mmojawao. Ni kweli. Lakini tulipofika kisimani jioni, mtungi wa pili ulikuwa haujafunguliwa. Jua lilikuwa limepungua makali, injini ikapoa, ile sabuni yangu ya sifa ikashika. Lita ishirini, zimejaa hadi shingoni! Nami nikazimimina kunawa miguu na kuosha kioo cha mbele, kwa sababu maji ya kisima huacha madoa meupe kwenye kioo. Wewe ulinishikia kitambaa. Ukaniuliza kama dawa haichubui mikono. Nikasema haichubui.

Kurudi nilikupitisha njia nyingine, ndefu, nikisema ile ya kwanza imeharibika. Haikuwa imeharibika. Niliogopa kupita chini ya ule mgunga.

Siku tuliyofika nyumbani niliutungua mpira mpya kwenye msumari nikaufunga kwenye gari. Bisibisi moja, dakika ishirini, na nusu ya hizo nilikuwa naitafuta bisibisi. Ule wa zamani nikautundika mahali pake, na kila uliponiuliza kwa nini siutupi nimekuwa nikisema utafaa siku moja.

Miezi miwili baadaye mzee akaja. Alikuwa kambini Dadaab, amepanda lori kuja mjini, akaulizia gari la maji lenye mlango mmoja wa kijani. Alitukuta uani tunakunywa chai. Alikuwa na kibuyu cha maziwa ya ngamia, bado kinanukia moshi wa kukifukiza. Fikiria, Mueni, mtu anayeishi kwa kupimiwa unga, maziwa hayo aliyatoa wapi? Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe iko mtu ya kweli," akasema. "Mtu ingine tatoa maji mbofu, sisi nakunywa. Mtoto, Mungu nachukua ile ile siku, mbele ya lori ya kambi kuja beba sisi. Lakini ni Mungu, si dawa. Nimekuja sema ahsante."

Akamimina maziwa kwenye kifuniko, akaonja yeye kwanza, akanipa.

Nikanywa. Nikayanywa yote mpaka chini, maana kuyaacha kungekuwa sawa na kukiri. Wewe ulikuwa umesimama na birika mkononi, machozi yanakutoka, ukanitazama kwa macho ambayo kila mzazi angependa kutazamwa nayo na mwanawe. Hapo ndipo ningesema. Mzee yuko mbele yangu, wewe uko mbele yangu, na hakuna aliyenifunga mdomo. Nikamkaribisha chai.

Mama yako nilimwambia wiki hiyo hiyo. Siku mbili alipika na kupakua, na siku ya tatu akaniuliza, "Mtoto umemwambia?" Nikasema akimaliza mtihani. Ukamaliza. Nikasema akifika kidato cha nne. Ukafika. Nikasema akitoka chuo cha unesi, atakuwa mtu mzima, ataelewa. Mama yako akaacha kuniuliza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jana ukasimama mbele ya wageni, watu wa kanisa upande huu na majirani zetu Waislamu upande ule, pilau ikiwa bado mezani, ukasema kwamba jambo moja unaondoka nalo kutoka nyumba hii ni ukweli wa baba yako. Ukawasimulia: jua, mgunga, mzee na kibuyu chake. Ukasema, "Baba angeweza kuwapa ili aonekane mwema. Aliwaambia ukweli ingawa walimlilia, na mzee mwenyewe alikuja kumshukuru." Watu wakapiga makofi. Mama Habiba akafuta macho kwa mtandio. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka saba, na jana ikapigiwa makofi.

Wageni walipotoka mama yako akaweka sahani chini, akanigeukia. "Baba Mueni," akasema, "utamwacha mtoto aende Rhamu na huo uwongo kifuani?" Nikaja nikalala chini ya gari, nikajifanya napaka grisi kwenye shafti.

Ninaona aibu, mwanangu. Si kwa ajili yako tu. Yule mtoto hata jina lake sikuliuliza, na mzee alikaa uani kwangu saa nzima. Nilimwuliza njia, nikamwuliza habari za kambi, nikamwuliza hata bei ya mbuzi, lakini jina la mtoto niliogopa. Mwaka uliofuata nilikwenda Dadaab kumtafuta. Nilizunguka mahema nikitaja mzee mwenye bakora, wakanionyesha wazee ishirini wenye bakora. Ukweli ni kwamba nilirudi upesi, na njiani nikajisikia nimepona kidogo kwa kuwa sikumpata. Hilo nalo lijue.

Kwa nini nikwambie sasa? Kwa sababu huko uendako utakuwa wewe ndiye mwenye mtungi. Mtu atasimama mbele yako na chombo kitupu, nawe utakuwa na dawa chache, mafuta machache, jua linatua. Siwezi kukuchagulia. Ila nakuomba siku hiyo usinikumbuke mimi kama mfano. Ukimkatalia mtu, mwambie nakukatalia. Mwambie ninayo na sikupi, umtazame usoni unapomwambia. Mimi laiti ningelazimika kuyasema maneno hayo, nadhani ningempa.

Na uminye mipira asubuhi. Najua inasikika kama mzaha baada ya hayo yote, lakini ndipo yalipoanzia. Ningeufunga ule mpira mpya nyumbani, ningefika kwenye ule mgunga na mitungi miwili imejaa na injini baridi, ningewapa maji huku napiga mluzi, na leo nisingemkumbuka yeyote kati yao. Sikuwa mtu mbaya asubuhi ile, Mueni. Nilikuwa mvivu mwenye sifa. Ubaya ulinikuta saa sita.

Leo nimebadilisha mipira yote, ya juu na ya chini na ile myembamba ya hita ambayo hakuna anayeikumbuka. Mkanda wa feni ni mpya. Mipira ya akiba iko chini ya kiti chako, usiitundike popote. Nyuma kuna mitungi miwili. Wa bluu ni wa rejeta. Mweupe ni wa watu, nimeufungia kikombe cha bati kwa kamba ili kisipotee. Hata gari likichemka mpaka lilie, huo mweupe usiuguse. Liache lichemke, subirini lori.

Nimesoma tena mwanzo wa barua hii. Habaswein! Yaani nilitaka uujue ukweli ukiwa mbali siku nzima ya njia, na mimi niko hapa salama, nimeketi na chai yangu. Ni ile ile tabia ya kukupitisha njia ndefu. Sifuti, ibaki uone babako alivyo. Lakini Habaswein basi. Nitakupa barua hii leo, ukirudi, kabla hujaonja hata andazi la mama yako.

Nitakuwa hapa kwenye kipandio, na mtungi mweupe, na kikombe. Ukimaliza kusoma nitamimina, nitakunywa mimi kwanza mbele ya macho yako, kama nilivyotakiwa kufanya siku ile. Kisha nitakumiminia wewe. Usipokipokea, sitakulaumu, na alfajiri nitakufungulia lango vivyo hivyo.

Nasikia geti linagongwa. Ni wewe.

Babako